Kaa na saa mkononi kabla hujamwita mtu mvivu

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa supavaisa katika kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo hapa Nakuru, kila shida niliipa jibu moja: vibarua wavivu. Tulikuwa tukifunga magunia 400 ya kilo 70 kwa shifti ya saa nane, tukashuka hadi 310, na watu ni walewale 12. Bosi akanifokea, nami nikashuka chini nikawafokea wao. Wakakimbia siku mbili. Magunia yakatoka yameshonwa ovyo, mengine yakapasukia kwenye lori, na siku ya tatu tukarudi palepale.

Mama mmoja anayeshona midomo ya magunia, ambaye hutembea kutoka Kaptembwa kila alfajiri, ndiye aliyeniambia, "Kijana wangu, wewe hupita tu. Hebu kaa hapa na hiyo saa yako."

Nikageuza kreti nikakaa. Saa moja na dakika kumi asubuhi sindano ya mashine ya kushonea ikakatika. Sindano za akiba ziko stoo, stoo imefungwa, na mwenye ufunguo huingia saa mbili. Watu wanne wakakaa juu ya magunia ya pumba wakipiga gumzo dakika hamsini nzima. Ukipita wakati huo utaapa kwamba umeona uvivu. Na aliyekuwa akipita wakati huo kila siku ni mimi.

Piga hesabu: watu wanne mara dakika hamsini ni dakika 200, zaidi ya saa tatu za kazi ya mtu mmoja, kwa ajili ya kisindano kisichofika bei ya chakula cha mchana.

Kwa hivyo ukiona tija imeshuka, gawanya kwanza magunia kwa jumla ya saa walizokaa watu kazini. Sisi tulitoka magunia manne na kidogo hadi matatu na kidogo kwa saa ya mtu mmoja. Kisha andika kila mara mikono inaposimama na inangoja nini. Daftari langu la wiki moja lilijaa kungoja. Stima ikipotea miksa ikiwa imejaa, mota haiwezi kuanza na mzigo ule, kwa hivyo watu huingia na sepetu kuutoa. Mahindi yakiletwa mabichi, kinu husaga kwa kusuasua.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa nyundo za kinu, vile vipande vya chuma vinavyozunguka ndani yake kusaga mahindi. Zilikuwa zimelika hadi zikawa mviringo, haziyakati mahindi, zinayaponda tu, na wafungaji wanasimama wakingoja unga. Nyundo hizo zina pembe nne. Upande mmoja ukiisha unazigeuza. Za kwetu zilikwisha pembe zote kabla yeyote hajafungua kifuniko. Hapo hata ungewaajiri malaika, magunia yasingeongezeka.

Jambo la pili wenye viwanda hawapendi kulisikia. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Basi wengi huwaachisha kabla siku hazijatimia na kuleta wengine. Unaokoa kidogo kwenye mshahara, halafu kila mwezi unafundisha upya mtu kushika gunia, kupima na kushona. Mimi sioni faida yake, na nimeiona hesabu ya pande zote mbili.

Tena mafunzo mwajiri ameshayalipia: shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi huenda NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, na ukimpeleka mtu kwenye kozi waliyoidhinisha unaweza kudai urudishiwe gharama. Wana kituo Kisumu, si lazima Nairobi. Tulimpeleka fundi wetu mmoja tu, na ndiye sasa anayefungua kifuniko cha kinu kila Jumamosi.

Bonasi na mabango ya kuhimiza watu nitayaacha. Tuliyajaribu, mabango yalipendwa na wageni.

Baada ya nyundo mpya tulipanda hadi 380. 400 hatujarudia, kwa sababu ya stima. Sindano tano hukaa kwenye kopo la majani chai kando ya mashine, chini ya ulinzi wa yule mama. Mwenye stoo hajanisamehe hadi leo.