Katoka Ulyankulu, anakuja Arusha na laki tatu: biashara gani?

Mleta uzi, umeuliza ndugu yako wa asili ya Burundi, aliyekulia Ulyankulu (makazi ya wakimbizi kule Tabora), afungue biashara gani Arusha. Tuanze na hadhi yake. Kama bado ni mkimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae eneo alilopangiwa mpaka apate kibali cha kutoka, na kufanya kazi kuna kibali chake. Kama familia ni ya wale wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliopewa vyeti vya tajnisi (uraia wa kuomba) kuanzia 2014, huyo ni raia, asitishwe na mtu anayetaka kumkamua hela.

Cheti halisi kibaki nyumbani, atembee na kopi. Akifika tu ajitambulishe kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, maana fomu ya NIDA (kitambulisho cha taifa) inapitia kwao, na Uhamiaji watamhoji. Kinachokwamisha wengi ni majina: cheti kina mawili, karatasi za shule zina matatu, tena herufi moja imerukwa. Aanze na hati ya kiapo kwa wakili, fomu ifuate. Kurekebisha jina likishaingia kwenye mfumo ni kazi nzito. Namba ikitoka, asajili laini kwa alama za vidole, kisha achukue TIN, namba ya mlipa kodi, kule TRA. TIN ni bure, vishoka wa nje ya geti awapite.

Kuhusu hiyo laki tatu: wenye nyumba wengi mjini wanataka kodi ya miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo. Kama chumba hakina fungu lake, hana mtaji huyo.

Mimi ningemwanzishia nyanya. Soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, alfajiri, anunue kwa mkulima. Mzigo wa kwanza usizidi laki moja. Akifika achambue: mbivu kabisa ziuzwe siku hiyo hiyo, zenye ukijani zitandazwe kivulini. Asizilundike, za chini zikipasuka maji yake yanaozesha tenga zima. Nauli na ubebaji aviingize kwenye bei ya fungu, maana faida ya wageni wengi huishia hapo. Jioni hela ya mzigo itengwe kabla ya hela ya unga.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, asiguse kabisa. Rejesho halisubiri siku ya mvua. Ajiunge kikoba cha mtaani, anunue hisa ndogo ndogo, watu wamjue. Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 hauna riba, ila unapitia vikundi: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu. Kama umri wa ujana umempita, mkewe ndiye aingie kikundi cha wanawake.