Barua kwa mwanangu: lile gata

Mwanangu,

Salamu kutoka Ngamiani. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba yako asikie. Unauliza: "Mama, tangu joto la Desemba lianze, kila kazi ya nyumba naiahirisha. Gata, ule mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa, limeziba, ngazi sina, nasema kesho. Ndiyo nimekuwa mvivu?"

Hapana. Mtoto niliyemwona akibeba ndoo kutoka bombani kabla ya kwenda shule si mvivu. Hilo ni joto la kaskazi, na huko Bagamoyo linawabana kama linavyotubana Tanga. Hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na mwili usiopoa hauna nguvu za kupanda ngazi saa saba mchana. Bibi yako kazi za juani alizimaliza kabla ya saa tatu asubuhi. Mchana alikaa barazani akisuka ukili. Wewe asubuhi zako ni za mwajiri, basi shika alfajiri ya Jumamosi.

Ila kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka ulioingia darasa la tano, gata letu lilizibwa na majani ya mwembe. Desemba nzima nililitazama. Wageni wa likizo walikuja, maembe yalikuwa tele, jioni tulikwenda ufukweni Raskazone ukajifunza kuogelea. Machi ikaingia nikiwa bado nasema kesho. Masika yakashuka usiku, maji yakapenya chini ya bati mpaka kwenye kasha la bibi yako. Kanga tulizianika, zikapona. Picha yake ya harusi, iliyokuwa moja tu, haikupona. Ndiyo maana hujawahi kuiona.

Zile jioni za Raskazone sijutii hata moja. Ninazojutia ni saa za mchana nilizokaa mlangoni, silali wala sifanyi kazi, nalitazama gata na moyo unanisuta. Siku zangu zilipotelea hapo. Kwa hiyo ukiwapeleka watoto baharini, nenda kwa moyo wote. Ukijilaza mchana, lala.

Rangi ya ukuta inangoja. Kabati nalo linangoja. Gata lililoziba na pipa lisilo na mfuniko havingoji, maana mbu wa dengue hutaga kwenye maji ya namna hiyo, na joto kama hili humkuza kwa wiki moja na kidogo. Dengue ilipoingia hapa Tanga mwaka 2019, nilimuuguza baba yako siku kumi, viungo vinamuuma hata kujigeuza kitandani hawezi. Nikikufikiria wewe na wajukuu zangu katika hali ile, usingizi unaniruka.

Ngazi kaazime kwa jirani leo jioni, usingoje kununua. Mtu aishike chini ukipanda. Ukishamaliza nipigie, hata kama ni alfajiri, nitakuwa macho.

Mama yako