Mlio baada ya kuinua gari? Anza na propela
Kama mlio umeanza baada ya kuinua kimo cha four-wheel yako kwa inchi 3, usikimbilie kufungua difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Gari likipanda, pembe ya propela, yaani ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, inakuwa kali, na krosi (viungo vyake vyenye umbo la msalaba) ndizo huumia mapema. Zima injini, weka kabari kwenye magurudumu, gia iwe huru, kisha tikisa propela kwa mkono. Krosi ikicheza, au ukiona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, mwizi umeshamkamata. Mtetemo unaokua kadiri unavyoongeza mwendo, mara nyingi ni propela. Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, hapo sasa shuku difu. Tak-tak-tak ukikata kona je? Angalia jointi za ekseli za mbele, hasa kama mipira inayozifunika imechanika.