Mstari mweupe kwenye meno ya mtoto: yanaoza au ni maji ya Arusha?

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Meno yake mawili ya mbele juu yana mstari mweupe karibu na fizi, na moja limeanza kuwa kahawia. Hulala na chupa ya maziwa yenye sukari kidogo. Majirani wanasema ni maji ya huku Arusha, nisimpe dawa ya meno yenye floraidi. Mama mkwe anasema niache, ni meno ya utoto tu. Nifanyeje?

JIBU: Mama, kwa maelezo yako, meno yameanza kuoza. Madoa ya floraidi, madini yaliyo mengi kwenye maji ya huko, huonekana zaidi kwenye meno ya ukubwani, hutapakaa juu ya jino, tena hufanana kushoto na kulia. Kuoza huanza na mstari mweupe usiong'aa, kama chokaa, unaofuata ukingo wa fizi. Tazama na meno ya mbele ya chini: yakiwa safi, shuku chupa, kwa kuwa hayo hukingwa na ulimi na mate.

Bakteria walio kwenye ukoga hugeuza sukari kuwa asidi inayomong'onyoa madini ya jino. Mchana mate huisafisha asidi hiyo na kurudisha sehemu ya madini. Usiku mate hupungua sana na maziwa hubaki yamegandamana na meno. Kwa hiyo hata sukari "kidogo" ni nyingi ikikaa usiku kucha.

Punguza sukari kidogo kidogo kwa wiki moja hadi iishe, kisha chupa ya kulalia iwe ya maji matupu. Atalia siku mbili tatu, vumilia. Baada ya mswaki wa usiku asipewe kitu kingine ila maji.

Kupiga mswaki ni kazi yako mpaka afike miaka 7 au 8. Mlaze kichwa kwenye mapaja yako, inua mdomo wa juu kwa kidole, sugua kwa mswaki mdogo laini pale jino linapokutana na fizi. Wengi husugua ncha za meno na kuruka hapo hapo panapooza. Asubuhi na usiku, dakika mbili.

Dawa yenye floraidi mpe. Chagua yenye ppm 1000 (kipimo cha floraidi kinachoandikwa kwenye boksi), upake kiasi cha punje ya mchele; akifika miaka 3, punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue. Punje ya mchele ina takriban miligramu 0.1 ya floraidi, wakati lita moja ya maji yaliyo kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani ina 1.5, na visima vingi kuzunguka Mlima Meru hupita hapo. Cha kuogopwa ni maji, na kuyachemsha hakuondoi floraidi. Mtoto anywe ya mvua yaliyokingwa vizuri au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Mboga na maharage yake usiyatie magadi, nayo yana floraidi.

Mama mkwe yuko sahihi kwamba yatang'oka, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 na zaidi, na usaha wa jino la utoto lililooza unaweza kuharibu jino la ukubwani linaloota chini yake.

Mpeleke kwa daktari wa meno mwezi huu. Mstari mweupe bado unaweza kurudi nyuma kwa kupakwa floraidi ya vanishi, dawa inayonata juu ya jino. Lile la kahawia, likiwa laini au limetoboka, huenda likapakwa dawa ya fedha inayosimamisha kuoza. Sehemu iliyooza itabaki nyeusi daima, usishtuke. Akivimba uso au akipata homa, usisubiri miadi.