Rivolva ya marehemu babu: bei za Marekani na hali yetu huku

Mkuu, umeuliza kama ile rivolva ya Webley ya marehemu babu yako, aliyokuwa nayo kwa leseni huko Kondoa, inaweza kuwatoa kimaisha, maana umeona Wamarekani wanauziana rivolva za zamani kwa mamilioni. Nakujibu kwa niliyoyaona, nimekaa Texas miaka kadhaa kabla ya kurudi Dom na jamaa niliyekuwa napiga naye kazi alikuwa mkusanyaji, wikiendi nyingi tulikuwa kwenye maonyesho ya silaha.

Bei kupanda ni kweli kabisa. Miaka ya 80 na 90 polisi wa kule walihama wakaenda kwenye bastola za magazini kina Glock, rivolva zao zikamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa, leo hizohizo zinatafutwa. Rivolva ya Colt Python ilianza 1955, mafundi walikuwa wanaifiti na kuing'arisha kwa mkono mpaka ule weusi wa bluu unajiona sura, ilipofika 2005 Colt wakaacha kuitengeneza. 2020 wakairudisha kwa dola 1,499, watu wakadhani za zamani zitashuka, wapi, zilizo safi bado zinauzwa juu ya hapo. Smith & Wesson nao kuanzia 2001 wakaweka kufuli ya ndani yenye kitundu ubavuni, wakusanyaji wengi hawakitaki kile kitundu kwa hiyo wanakimbilia za kabla ya hapo.

Na mnunuzi wa kule hakurupuki. Akishahakikisha haina risasi anafungua silinda, lile pipa la kuzunguka linalobeba risasi, polepole kwa mikono miwili, ukiirusha kwa mkono mmoja kama kwenye muvi muuzaji anakunyang'anya hapohapo, maana kile chuma kinachobeba silinda kinapinda. Halafu anatafuta mkwaruzo mwembamba unaozunguka silinda, ukiwa hafifu ujue haijazungushwa sana. Boksi na karatasi za kiwandani vikiwepo bei inaruka. Ila ikishapigwa msasa na kupakwa upya, hata ipendeze vipi, bei inadondoka. Kwa Webley wanageuza waangalie nyuma ya silinda, nyingi zilizoingia Marekani zilichongwa ili ziweze kutumia risasi za .45 za kwao, ambayo haijachongwa ndiyo wanaigombania.

Sasa hayo ni ya kule mkuu. Kwetu leseni ya silaha ni ya mtu, siyo shamba kwamba watoto mnagawana, na sheria ya 2015 haina mchezo. Kuipeleka Marekani lazima awepo muagizaji mwenye leseni na kibali cha ATF, idara ya serikali yao inayosimamia silaha, bado vibali vya huku, kwa rivolva moja hesabu haitoki kabisa.

Baba mdogo alipofariki hapa Dodoma aliacha ya kwake, tukaenda kituoni na cheti cha kifo na kitabu cha leseni tu, silaha tukaiacha ilipofungiwa, askari wakaja wenyewe kuichukua wakatuandikia karatasi ya makabidhiano. Hakuna aliyesumbuliwa.

Kwa hiyo usiipige msasa, usimwonyeshe dalali yeyote, na namba yake usiiweke hapa jukwaani. Wahini kituoni mapema, msisubiri mpaka mirathi iishe, na kama kuna mtu kwenye familia anaitaka aulize palepale utaratibu wa kuomba leseni kwa jina lake.