Afisa mikopo mpya, usidanganywe na marejesho yanayokuja kwa wakati

Wadogo zangu mnaoanza uafisa mikopo, najua mkishapewa target tu mnaanza kukimbizana na idadi ya wateja, ila nisikilizeni kidogo maana hii kazi inagusa nyumba za watu. Mteja anayeleta marejesho kila wiki bila kukosa sio lazima biashara yake iwe inaenda. Mama ntilie anaweza akakulipa wewe Jumatatu kwa hela aliyokopa kwingine Ijumaa, kule akalipa kwa hela ya kikoba, na kikoba akakirudishia kwa mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wa riba kubwa, kwenye mfumo wako anasoma safi kabisa alafu siku moja kahama mtaa usiku, wenzake wanne kwenye kundi waliodhaminiana naye ndo wanabebeshwa deni.

Kwahiyo usimhoji ofisini, nenda kwenye banda lake asubuhi, uone mchele anachukua cash au kwa mali kauli, sahani zinatoka ngapi. Muombe kwa heshima akuonyeshe kadi zote za marejesho. Nishaona mama anafungua fundo la kanga zinatoka kadi tatu za taasisi tofauti, siku za kulipa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Huyo usimuongezee mkopo hata bosi akikubana vipi. Andhra Pradesh kule India ilianza hivi hivi, taasisi zinagombania wateja wale wale, mkopo juu ya mkopo, wadaiwa wakafikia kujiua, mwaka 2010 serikali ya jimbo ikaingilia kati na watu wakaacha kulipa kwa wingi.

Riba nayo mwambie ukweli. Milioni 1 kwa miezi 10, asilimia 3.5 kwa mwezi, ukipiga flati, yaani juu ya milioni nzima kila mwezi, analipa riba 350,000, ukipiga kwa salio linalopungua, yaani juu ya deni lililobaki tu huku akirudisha laki moja ya mkopo kila mwezi, ni 192,500. Asilimia ni ile ile jamani! Mpigie hesabu mbele yake kabla hajasaini, na ada ya fomu na bima uziweke humo humo.

Alafu akikwama usikimbilie kubeba godoro na jiko, jiko ndo linaloleta hayo marejesho. Nenda wiki hiyo hiyo mpange upya. Na anayeuza karibu na shule, Juni na Desemba shule zikifungwa hana wateja, hiyo miezi muwekee marejesho madogo tangu siku mnaandika mkataba.