RTX 4070 ndani, klipu bado zinakwama: uzoefu wangu na laptopu ya medianuwai

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama laptopu hizi mpya za medianuwai zinastahili pesa yake kwa mtu anayeediti sherehe na kurekodi muziki nyumbani. Pili, kwa nini rafiki yako mwenye prosesa ya Core i9, kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX 4070 na RAM ya GB 32 bado analalamika kwamba klipu zinasuasua. La pili ndilo lenye nyama, naanza nalo. Mimi natumia mashine ya sifa hizo hizo hapa Dar. Kazi zangu ni harusi, sendofu, na mara moja moja kurekodi kwaya. Kampuni siitaji, maana mengi nitakayosema utayakuta kwa watengenezaji karibu wote.

Mwambie rafiki yako aweke klipu icheze kwenye programu yake ya kuediti, kisha afungue Task Manager, aende Performance, abonyeze GPU (yaani kadi ya grafiki) na atazame mchoro wa Video Decode. Nabashiri kadi ya NVIDIA itasoma sifuri. Imekaa kama mgeni rasmi, na prosesa ndiyo inayobeba viti.

Sababu ni hii. Kamera nyingi za kazi siku hizi, mfano Sony A7 IV, zinarekodi rangi za 4:2:2 kwa biti 10, yaani zinahifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi. Faili hizo zimebanwa, na kuzifungua haraka kunahitaji sehemu maalumu ndani ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kadi za GeForce hazikuwa na uwezo wa kufungua 4:2:2 mpaka ulipokuja mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Kwa hiyo RTX 4070, pamoja na bei yake yote, hapo haikusaidii kitu. Anayeiweza kazi hiyo ni yule anayedharauliwa: grafiki ndogo ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Tangu kizazi cha 11 inafungua HEVC (ndiyo hiyo H.265, aina mojawapo ya kubana video) ya 4:2:2 biti 10 bila wasiwasi.

Sasa sikia kituko chenyewe. Laptopu hizi zina programu ya mtengenezaji yenye sehemu ya kuchagua grafiki, na kila video ya YouTube ya wacheza gemu itakushauri uweke kadi kubwa peke yake ili gemu ziende kasi. Ukifuata ushauri huo, kwenye mashine nyingi grafiki ya Intel inazimwa kabisa. Gemu inapaa, harusi inakwama. Rafiki yako arudishe kwenye hali ya mseto, ambapo grafiki zote mbili zinafanya kazi, azime na kuwasha. Kama anatumia Premiere Pro aingie Preferences, kisha Media, ahakikishe tiki ya Intel ipo kwenye sehemu ya kufungua video kwa kutumia maunzi. Kwangu tofauti ilikuwa ya mbingu na ardhi, na haikunigharimu hata shilingi.

Kuna kona nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Kamera hiyo hiyo inakupa XAVC S, ambayo ni H.264, na XAVC HS, ambayo ni H.265. Kila mtu atakwambia H.265 ni nzito kuliko H.264, na kwa kawaida ni kweli. Ila grafiki ya Intel kwenye mashine kama zetu haifungui H.264 ya 4:2:2, inafungua H.265 tu. Kwa hiyo unakuta faili "nyepesi" inakwama na "nzito" inateleza. Tatizo ni kwamba ukiwa kwenye PAL (mfumo wa video wa fremu 25 au 50 kwa sekunde), XAVC HS ya 4K haina fremu 25, inaanzia 50, na sisi wengi tunapiga 25. Mimi misa na ukumbi napiga XAVC S, halafu natengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu, usiku mashine ikiwa peke yake. Asubuhi naediti proksi, na mwisho programu inarudi yenyewe kwenye faili halisi wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Ukitaka kuepuka yote hayo, rekodi 4:2:0, yenye taarifa chache zaidi za rangi. Kwa mteja atakayetazama kwenye simu na kutuma WhatsApp, sijawahi kuona aliyelalamikia rangi.

Hiyo imeisha. Sasa kasi kwa ujumla.

Jina la kadi halitoshi. NVIDIA inaruhusu RTX 4070 ya laptopu itengenezwe kwa nguvu yoyote kuanzia wati 35 hadi 115. Maana yake, laptopu nyembamba ya kupendeza na ile nene kama tofali zinaweza kuwa na stika moja na zisifanane hata kidogo kwenye kurenda. Dukani hawakwambii wati. Tafuta kwenye ukurasa wa mtengenezaji, na kama hakuandika, jua ana sababu yake. Pia kumbuka kadi hii ya laptopu ina GB 8 za memori yake yenyewe. Kwa 4K ya kawaida zinatosha, lakini ukianza kurundika kazi za kuondoa chenga kwenye picha za ukumbini usiku, Resolve (programu nyingine ya kuediti) itakwambia memori ya GPU imejaa.

Halafu joto la huku. Chumba bila kiyoyozi mwezi wa pili, feni zinalia mpaka mtu unayeongea naye kwenye simu anauliza uko wapi. Prosesa za aina hii zinapogusa nyuzi 95 hadi 100 zinapunguza kasi zenyewe ili zisiungue, kwa hiyo dakika za mwanzo za kurenda huwa tamu kuliko zinazofuata. Nimeinyanyua nyuma, nimeelekeza feni ya mezani pale hewa inapoingia chini, na imesaidia. Kwa kurekodi sauti naweka hali ya kimya kabisa, maana maiki inanasa kila kitu.

Ukichomoa chaja, sahau namba zote nilizotaja. Hesabu ni rahisi: betri yangu ni kama Wh 90, na ndege nyingi hazitaki mizigo ya mkononi yenye betri zaidi ya Wh 100 bila kibali, ndiyo maana watengenezaji hawavuki hapo. Prosesa na kadi zikiachiwa zile wati zaidi ya 100 kwa pamoja, betri haifikishi saa moja. Kwa hiyo mashine inajibana yenyewe. Kwa kuandika, kuvinjari na kuangalia sinema iko vizuri, ila kurenda kwa betri ni kujitesa. Chaja yenyewe ni wati 230, nzito kweli kweli. Umeme ukikatika, ile invata ndogo ya kwenye gari haitaiwasha. Chaja ya USB-C ya wati 100 inakubali kuchaji, ila ukibana kazi utaona asilimia zinashuka huku imechomekwa. Watu wanadhani chaja mbovu, kumbe mashine inakula kuliko inavyolishwa. Wenzetu wa MacBook Pro hapa wanatucheka kwa haki, zao zikichomolewa hazipungui kasi kiasi cha kuona.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni mwili wa chuma kutekenya. Unapitisha kiganja juu ya kibodi unahisi kama mtetemo, na ukichomeka maiki kuna mngurumo wa chini kwenye rekodi. Nilienda nayo kwa fundi wa laptopu akataka kuifungua. Fundi umeme wa mtaani ndiye aliyeniuliza swali la maana: soketi yako ina waya wa kwenda ardhini? Haikuwa nao. Ndani ya chaja kuna kichujio kinachopeleka umeme kidogo sana kwenye ule waya wa kijani na njano. Usipokuwepo, au ukitumia ekstensheni ya bei rahisi ambayo pini ya tatu ni pambo, umeme huo mdogo unabaki kwenye mwili wa mashine. Kwa kawaida si wa kukuumiza, lakini kwa anayerekodi ni balaa. Waya ulipofungwa vizuri mtekenyo uliisha, na mngurumo ukaisha nao. Kama unarekodi mahali pasipo na waya huo, chomoa chaja, rekodi kwa betri.

Kwenye sauti kuna jingine, nalo ni la Windows. Rekodi inakwenda vizuri, ghafla "tik", halafu tena "tik". Ukirekodi kwa bafa (fungu la sauti linaloandaliwa kwa mara moja) ya sampuli 128 kwenye 48 kHz, mashine ina chini ya milisekunde 3 kuandaa kila fungu la sauti. Draiva moja (programu ndogo inayoendesha kifaa) ikishikilia prosesa muda mrefu kupita hapo, zamu ya sauti inapotea. Kuna programu ya bure inaitwa LatencyMon, iache ikimbie dakika kadhaa itakuonyesha draiva inayosumbua. Kwangu ilikuwa ya Wi-Fi. Nikirekodi nazima Wi-Fi na Bluetooth, naweka mpango wa umeme kwenye nguvu ya juu, basi. Na kabla hujaanza kumiksi, zima ile programu ya kunogesha sauti iliyokuja na laptopu. Spika za mashine zitaonekana zimepoa ghafla, lakini angalau utakuwa unasikia ulichokirekodi.

Kioo cha OLED sina la kukisema vibaya, ni kizuri mno, na hapo ndipo penye mtego. Kinaonyesha rangi pana za P3, zaidi ya zile za kawaida za sRGB, na Windows haizidhibiti kila mahali, hivyo nguo nyekundu za wasimamizi na mapambo ya dhahabu yanang'aa kupita kawaida. Unafurahi, unapunguza rangi kidogo ili zisizidi, mteja akiweka kwenye TV anaona harusi yake imepauka. Tafuta kwenye programu ya mtengenezaji hali ya sRGB na uediti ukiwa humo. Sinema utatazama kwa rangi zote ukimaliza kazi. Ficha na ule mstari wa chini wa Windows, maana kitu kinachokaa sehemu moja miezi na miezi huacha alama kwenye OLED.

Kulala nako ni vita. Unaifunga ukumbini, unaitia begini, unapanda boda, ukifika begi lina moto na betri imeshuka. Laptopu nyingi mpya hazilali usingizi wa zamani, zinabaki nusu macho kama simu. Andika powercfg /a kwenye Command Prompt. Ukiona S0 Low Power Idle kwenye orodha ya hali zinazopatikana, ndiyo hiyo. Nimeweka kifuniko kikifungwa iende Hibernate, yaani ihifadhi kazi na kuzima kabisa. Inachelewa sekunde chache kuamka, lakini hainichomi mgongoni.

RAM chukua 32, na uulize kama imechomelewa kwenye bodi, maana nyingi za sasa huwezi kuongeza baadaye. Tazama pia tundu la memori kadi. La aina ya UHS-I kikomo chake ni MB 104 kwa sekunde, kwa hiyo kadi ya GB 128 iliyojaa itakuchukua zaidi ya dakika 20 kuhamisha. La UHS-II linaweza kushuka chini ya 10 kama kadi nayo ni ya aina hiyo. Kwa mwenye kadi nne za harusi moja, hiyo tofauti ni usingizi.

Kwa hiyo kama inastahili: kwa video, ndiyo, ilimradi prosesa ni ya Intel yenye grafiki yake ndani, au kadi ni RTX 50. Kwa muziki peke yake bei hiyo ni kubwa bure, chukua ya chini yenye RAM ya kutosha, hela inayobaki nunua maiki. Ukienda dukani nenda na memori kadi yenye klipu zako halisi, mbili za H.264 na mbili za H.265, pamoja na programu ya bure ya kuediti kwenye flashi. Omba waiwashe, weka klipu zako, chomoa chaja uone inavyobadilika, irudishe. Muuzaji akikataa kwa sababu eti boksi likifunguliwa halirudi, nenda duka la pili. Kariakoo hayajaisha.